Picha ya Mkono Kabla Mkono Haujapinda

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri iliniagiza niseme maneno juu ya ugonjwa wa viungo, kwa sababu katika daftari la maombi ya msaada ugonjwa huu hutajwa mara kwa mara, na kila unapotajwa umekwisha chelewa. Mwombaji huleta barua akitaka fedha za mkongojo, au za kiti cha magurudumu, au za kumlipa mtu wa kumfulia na kumpikia. Chama hutoa, wala hakuna anayenung'unika. Lakini nimelipekua daftari lote, na sikuona hata barua moja ya mtu anayeomba nauli ya kwenda kupigwa picha ya mikono wakati mikono ingali imenyoka. Juu ya barua hiyo isiyoandikwa ndiyo nataka kusema leo. Mimi si tabibu. Ni karani, na haya nimeyakusanya kwa kusoma na kwa kuwauliza wenye elimu hiyo, nikayapanga kwa lugha yetu kadiri nilivyoweza.

Yafaa tuanze na jina. Kwetu kila maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi, na jina hilo limekuwa kama kapu ambalo kila mtu hutia chake. Mzee ambaye magoti yake yamechakaa kwa miaka 50 ya jembe husema ana baridi yabisi. Mtu ambaye kidole gumba cha mguu kimevimba usiku mmoja, kikawa chekundu hata hawezi kustahimili uzito wa shuka juu yake, naye husema vivyo hivyo, kumbe ana jongo. Watu wa Lamu na Mombasa waliopatwa na homa ya chikungunya mwaka 2004, wengine wao walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi, na bila shaka walikuwapo walioambiwa ni baridi. (Neno hilo chikungunya, niseme kwa kupita, si la Kizungu. Ni la Kimakonde, nalo liliingia katika vitabu vya madaktari baada ya homa iliyozuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na maana yake ni kujipinda.)

Ugonjwa ninaousema mimi ni mwingine. Madaktari huuita rumatoidi athritisi, nami kwa kifupi nitauita rumatoidi. Asili yake si baridi, wala si kuoga alfajiri, wala si kufua nguo katika maji ya mto. Mwili una kinga yake, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu kinga hiyo hupotoka, ikaushambulia utando laini unaozunguka kiungo kwa ndani. Utando ule huvimba, huwa mnene, kisha hutambaa juu ya gegedu na kuanza kuula mfupa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao, na katika kila 10 kama 7 walikuwa wanawake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wamepita umri wa miaka 55. Lakini waliosalia, ambao si wachache, walikuwa hawajafika huko. Basi tunapomwambia mama wa miaka 38 kwamba maumivu yake ni uzee, twampa jibu ambalo hata hesabu yenyewe yalikataa.

Dalili zake zafahamika kwa mtu anayeangalia. Viungo vidogo huanza: vifundo vya vidole pale ngumi inapofanya vilima, vifundo vya katikati ya vidole, viwiko vya mikono vya chini tunavyofungia saa, na mizizi ya vidole vya miguu. Mara nyingi mkono wa kulia na wa kushoto huumwa pamoja. Asubuhi vidole hukakamaa, wala si kwa dakika chache kama tulivyo sisi sote tukiamka, bali kwa nusu saa, hata saa moja na zaidi, mpaka mtu hawezi kufunga kifungo cha shati wala kukamata sufuria. Na iko alama moja ambayo ninyi wazee mwaweza kuitambua kuliko tabibu, kwa kuwa mwasalimiana kwa mikono kila siku: mtu mwenye ugonjwa huu, ukimshika mkono kwa nguvu ya kawaida, hukunja uso. Ile safu ya vifundo ikiminywa humwuma. Mkimwona mtu aliyekuwa akisalimu vizuri sasa anatoa ncha za vidole tu, msidhani amekuwa na kiburi.

Sasa nije kwenye mfupa. Wengi wetu twafikiri mfupa ni kama jiwe, umewekwa mara moja basi. Sivyo. Mfupa ni kitu hai, una mapato na matumizi kama daftari la mweka hazina. Ziko seli zinazoumumunya mfupa wa zamani, na ziko seli zinazojenga mpya mahali pale pale. Mtu akiwa mzima hesabu hizi mbili hukaribiana. Rumatoidi huziongezea nguvu zile zinazomumunya. Hapo matumizi huzidi mapato, tena mahali pale pale penye uvimbe, kando ya kiungo. Mwanzoni mfupa hupungua ugumu tu, huwa mwepesi, wala hakuna shimo. Baadaye ndipo ukingo wake hutobolewa, na madaktari huita tundu hilo kwa neno lile lile ambalo maafisa wa kilimo walitufundisha, yaani mmomonyoko. Mkulima wa Machakos au wa Murang'a hahitaji kuelezwa zaidi. Yeye ajua kwamba korongo halitokei siku moja: kwanza udongo wa juu huchukuliwa kidogo kidogo kila mvua, shamba likionekana kana kwamba ni zima, na siku korongo linapoonekana hasara ilikwisha ingia zamani. Tena shimo la mfupa likisha kuchimbika, ni nadra sana kuzibika likawa kama lilivyokuwa.

Swali ni je, twaweza kuuona udongo ukichukuliwa, kabla ya korongo? Hapa ndipo picha zinapoingia.

Yapendeza kukumbuka kwamba picha ya eksirei iliyojulikana kwanza duniani ilikuwa picha ya mkono. Wilhelm Conrad Röntgen, profesa katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, aliigundua mionzi ile tarehe 8 Novemba 1895, na tarehe 22 Desemba mwaka huo huo aliuweka mkono wa mkewe, Anna Bertha, mbele ya mionzi. Mifupa ya vidole ikaonekana, na pete yake pia. Mwaka 1901 akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia, naye ndiye wa kwanza kuipata. Tangu wakati huo mkono umekuwa ndiyo daftari ambamo ugonjwa wa viungo husomwa. Chokaa iliyomo katika mfupa huizuia mionzi, kwa hiyo mfupa huonekana mweupe. Pale chokaa ilipopungua weupe hufifia. Daktari mwenye macho mazuri huangalia weupe huo kando ya viungo, huangalia nafasi iliyopo kati ya mfupa na mfupa, ambayo kwa kweli ni gegedu lisiloonekana, kisha hutafuta tundu katika kingo. Tena hupiga picha ya miguu pia, hata kama mgonjwa halalamiki juu ya miguu, kwa sababu mara nyingi shimo la kwanza hutokea kwenye mzizi wa kidole kidogo cha mguu.

Eksirei ya kawaida ina upungufu wake. Mfupa sharti upoteze kama theluthi ya madini yake, na wakati mwingine zaidi, kabla jicho la binadamu halijaweza kusema kwa hakika kwamba weupe umepungua. Theluthi ni mali nyingi. Mweka hazina ambaye hagundui wizi mpaka theluthi ya sanduku imekwenda, hatumchagui tena.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta njia ya kupima badala ya kukisia. Mwaka 1960 madaktari wawili, Barnett na Nordin, walichapisha njia iliyo nyepesi sana: kuichukua picha ya mkono na kupima unene wa gamba gumu la mfupa wa kiganja, wakilinganisha gamba hilo na upana wa mfupa wote. Baadaye kompyuta ilipewa kazi hiyo hiyo. Hupima mifupa mitatu ya kati ya kiganja, kutoka picha ile ile ya eksirei, na huweza kuona upungufu mdogo ambao hakuna jicho litakaloutambua. Huko Norwei wagonjwa waliokuwa katika mwanzo wa rumatoidi walifuatwa kwa miaka 10, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009: wale ambao gamba la mifupa ya mikono lilipungua katika mwaka wa kwanza ndio ambao viungo vyao vilikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika baadaye. Angalieni maneno hayo, mwaka wa kwanza. Wengi wetu mwaka wa kwanza huwa bado twajipaka mafuta.

Njia ya pili ni ultrasaundi, ambayo mama zetu waijua kwa sababu ya uja uzito. Haitumii mionzi, hutumia sauti isiyosikika na sikio, ikirudi kama mwangwi. Kwa viungo vidogo hutumiwa kichwa cha kupimia kilicho chake mbali, na mpimaji aliyejifunza kazi hiyo hasa. Yaonyesha utando uliovimba, yaonyesha damu inavyokimbia ndani ya uvimbe, na yaonyesha ukingo wa mfupa uliotobolewa. Matabibu wa Leeds, Uingereza, walichapisha mwaka 2000 kazi yao juu ya wagonjwa 100, wakilinganisha eksirei na ultrasaundi kwenye vifundo vya mkono mmoja. Eksirei ilionyesha mashimo 32 katika watu 17. Ultrasaundi ilionyesha mashimo 127 katika watu 56. Mtu asome hesabu hiyo mara mbili.

Njia ya tatu ni mashine ya MRI, iliyo na sumaku kubwa. Hiyo huona hata ndani ya uboho, na huweza kuonyesha maji yaliyokusanyika ndani ya mfupa kabla shimo halijachimbika. Jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya viungo, iitwayo EULAR, katika maagizo yake ya mwaka 2013 juu ya picha, iliyahesabu maji hayo kuwa ishara yenye nguvu ya mambo yatakayofuata. Hata hivyo jumuiya hiyo haikusema kila mtu akimbilie MRI. Ilisema eksirei ya mikono na miguu iwe ya kwanza, na kama haionyeshi kitu, ultrasaundi na MRI zaweza kufuata. Kwa watu wa mfuko kama wetu mpango huo ni wa busara, na nafurahi kwamba umetoka kwa wenye fedha.

Hapa yanipasa nitoe habari ya mama mmoja, ambaye sitamtaja jina wala hospitali aliyokwenda. Alipigwa picha ya mikono maumivu yalipokuwa na miezi michache. Akaambiwa, "Hakuna kitu, nenda nyumbani," akapewa vidonge vya maumivu na filamu yake ndani ya bahasha ya kaki. Hakuna aliyemwambia aitunze. Mvua zilipokuja, kioo cha dirisha la jiko kilikuwa kimevunjika, na filamu ile, kwa kuwa ni ngumu na haipitishi maji, ikapigiliwa pale kwa misumari midogo. Miaka minne baadaye vidole vyake vilikuwa vimeanza kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na tabibu mwingine, mtu mwangalifu, akamwuliza, "Picha ya kwanza iko wapi?" Ilikuwa imekwisha pauka kwa jua.

Katika habari hiyo yamo mambo mawili, nami nataka yatengwe. La kwanza ni kwamba picha isiyoonyesha kitu haimaanishi kwamba mtu ni mzima. Mwanzoni mwa rumatoidi picha ya eksirei mara nyingi ni safi. Tabibu mwema huwatambua wagonjwa wake kwa vifundo vilivyovimba, kwa muda wa maumivu, na kwa vipimo vya damu, wala hangoji shimo litokee ndipo aandike dawa. La pili ni kwamba picha iliyo safi ina thamani kubwa, na mimi nathubutu kusema ni yenye thamani kuliko zote. Makarani wenzangu watanielewa. Hesabu ya mwisho wa mwaka haina maana kama hakuna baki ya mwanzo. Picha ya leo ndiyo baki ya mwanzo. Ile itakayopigwa baada ya mwaka mmoja hulinganishwa nayo, mfupa kwa mfupa. Tangu mwaka 1971 daktari Sharp, na baada yake wengine, waliweka hata namba za kuhesabia madhara hayo, na kwa jinsi hesabu hiyo ilivyorekebishwa na daktari van der Heijde mwaka 1989, mikono na miguu ikiharibika kabisa jumla hufika 448. Mgonjwa hana haja ya kuijua namba yake. Haja yake ni kuwa na picha mbili.

Yawezekana mtu akauliza, kuonyeshwa hasara kwafaa nini ikiwa haizuiliki? Lakini yazuilika kwa sehemu kubwa. Iko dawa iitwayo methotreksati, ambayo Marekani ilikubaliwa kwa ugonjwa huu mwaka 1988, na mpaka leo ndiyo ya kwanza katika nchi nyingi. Dawa hii huituliza kinga iliyopotoka, na hivyo mfupa husalimika. EULAR hushauri mgonjwa aonwe na mtaalamu ndani ya wiki 6 tangu viungo vivimbe, na dawa ya namna hii ianze ndani ya miezi 3. Lakini nisikizeni vema katika jambo hili: methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, siku moja iliyochaguliwa, wala si kila siku. Wako watu duniani waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi. Hupewa pamoja na vidonge vya foliki asidi, damu hupimwa kila baada ya muda, pombe haipatani nayo, na mwanamke mwenye mimba au anayetazamia mimba haitumii kabisa.

Vidonge vya maumivu ni jambo jingine. Hupunguza maumivu na mtu akalala, nayo ni rehema, lakini mfupa huendelea kuliwa mwenyewe akiwa usingizini. Na iko jamii ya kortisoni. Daktari Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, aliijaribu kwa mgonjwa wa rumatoidi mwaka 1948, na mtu aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Mwaka 1950 yeye na wenzake wawili wakapata Nobel. Baadaye ilionekana kwamba ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huyeyusha mifupa ya mwili mzima. Prednisoloni ni ndugu yake. Tabibu huitumia kwa kipimo na kwa muda. Ila mtu anapowauzia sokoni unga usio na jina ambao "huondoa baridi siku ile ile," ulizeni ndani yake mna nini, maana vitu vinavyofanya kazi kwa wepesi huo si vingi.

Wengine huiogopa mionzi. Picha ya eksirei ya mikono hutumia mionzi kidogo sana, pungufu kuliko ile ambayo kila mmoja wetu huipata kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Hata hivyo mwanamke mwenye mimba na amwambie mpigaji kabla hajaanza.

Tena wako wasemao kuwa mkono uliopinda ni mkono uliorogwa. Sikuja hapa kubishana na mtu juu ya mambo hayo. Nasema tu kwamba picha ipigwe kwanza, na anayetaka kwenda kwingine baada ya hapo hatazuiwa na bahasha iliyo kwapani. Kwa wavuta sigara sina maneno laini kama hayo: sigara huongeza hatari ya ugonjwa huu na huuzidisha kwa aliye nao.

Bwana Mwenyekiti, naileta haja yangu mbele ya mkutano. Sheria zetu zaruhusu msaada wa mazishi, wa kulazwa hospitali, na wa vifaa kwa walemavu. Naomba iongezwe sheria moja fupi: kwamba mwanachama, au mke au mume wa mwanachama, ambaye viungo vyake vidogo vimevimba kwa wiki 6, na aliye na barua ya tabibu, apewe na Chama nauli na gharama ya picha moja ya mikono na miguu, na baada ya mwaka mmoja apewe ya picha ya pili. Bei hazilingani hospitali zote, kwa hiyo Mweka Hazina na apewe ruhusa ya kuulizia mahali patatu kabla hajalipa. Kila mwombaji aulizwe pia kama amejiandikisha katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na kama bado, asaidiwe kujiandikisha siku hiyo hiyo hapa ofisini.

Na juu ya kutunza picha: hospitali nyingine siku hizi hazitoi filamu, hutoa sahani ya CD au humpelekea mtu picha katika simu, na simu huibiwa. Anayetaka, alete filamu yake au sahani yake ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, juu yake pameandikwa namba ya uanachama na tarehe tu, bila jina. Kabati la chuma lililo nyuma ya meza yangu lina rafu moja tupu, nayo ni kavu, na ufunguo anao Katibu.